Kiraka cha Theluji

Mjukuu wangu Nadia anapenda kupiga picha milima yenye theluji. Yuko Ulaya, anatandika vitanda katika hoteli moja ya mlimani, na siku yake ya mapumziko anavaa buti, anapanda, anapiga picha, anatuma. Binti yangu Aziza ananifungulia simu na kuniwekea mapajani kama mtu anayemwekea mtoto sahani. "Maman, angalia, Nadia ametuma mulima ingine." Mimi naangalia. Weupe mtupu, mbingu ya bluu, na mtoto wetu katikati amevaa kabuti jekundu, anacheka. Wote wa nyumbani wanasema ni nzuri. Na mimi nasema ni nzuri. Halafu pua yangu inaanza kunusa rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango, ingawa katika nyumba hii hakuna aliyepaka kitu.

Ninyi wenzangu mliozeeka kama mimi, mliokulia Kamembe, upande huu wa Rwanda, miaka ile ya kwanza ya uhuru, mtanielewa nikisema kwamba mlima wa kwanza wa theluji niliuona hapahapa petu, nyuma ya soko, ndani ya chumba cha bati, umepigiliwa ukutani kwa misumari. Ilikuwa studio ya Anselme. Anselme alikuwa mtu wa Bukavu, ng'ambo kule Kongo, mwembamba, nywele amezilaza kwa maji, na ule mlima aliuchora mwenyewe juu ya turubai kwa kuangalia kalandari ya mapadri. Wengi wenu mlisimama mbele yake. Kando, kwenye msumari, lilining'inia kabuti la vifungo vya safu mbili, na kila mwanamume aliyekuja kupigwa picha alivalishwa. Ukikusanya picha za baba zetu wa wakati ule, utadhani wote walikuwa ndugu waliorithi kabuti moja.

Theluji sikuijua. Nilidhani ni unga wa muhogo. Shangazi yangu Mwasiti, kule Nyakabuye, alikuwa akianika muhogo wake juu ya miamba, na siku za jua kali ile miamba ilikuwa ikionekana hivyohivyo kutoka mbali. Kwa hiyo mimi nilisema moyoni: watu wa mlima huu wameanika mpaka juu kabisa, hawa hawalali njaa hata siku moja.

Baba yangu, Papa Ramazani, alikuwa fundi cherehani. Alikaa na cherehani yake ya mkono kwenye barza ya nyumba yetu, na kila kiraka alichoshona alikifunga kwenye kona kwa mshono uliopanuka kama unyayo wa kuku. Ukiona unyayo wa kuku kwenye goti la suruali ya mtu, unajua imepita kwetu. Sasa, jirani yetu Maman Faida, aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, alikuwa na mbuzi mwenye tabia mbaya. Siku moja yule mbuzi aliukuta mlango wa studio uko wazi, akapanda juu ya kiti cha wateja, akala kilele cha mlima.

Anselme alikuja kwetu na turubai begani, karibu kulia. "Fundi, angalia! Mbuzi ya Maman Faida imenimalizia mulima!"

Maman Faida akajibu kutoka uani kwake. "Ulichora nini mpaka mbuzi inaona ni majani? Fundi wa kweli ni weye!"

Papa alicheka mpaka akashika tumbo. Akakata kipande cha mfuko mweupe wa unga wa ngano, akaziba tundu, akafunga kona zote kwa unyayo wa kuku. Anselme akakipaka rangi nyeupe juu yake. Kama malipo, alimwambia Papa aje avae kabuti, apigwe picha bure.

Nilikwenda naye. Naikumbuka ile harufu ya rangi mbichi, ilinikaa kooni. Papa alisimama wima, kifua mbele, mikono imepotea ndani ya kabuti. Mimi nikasogea kugusa kile kipande kipya pale juu, na Anselme akapiga kelele.

"Zuhura! Toa mukono! Ukigusa pale utaangukia mu baridi, hatutakuona tena."

"Na ile ni nini?"

"Ile? Ile ni mulango ya benye mulima. Papa yako ndiye alibatengenezea."

Alinidanganya ili nisimchafulie rangi. Mimi nilimwamini. Kiraka kilikuwa cha mraba, ukubwa wa mlango wa nyumba ukiutazama kutoka mbali. Nilijivuna wiki nzima kwamba baba yangu ameshona mlango wa watu wa mbali.

Picha ilipokuwa tayari, Papa aliiweka kwenye mfuko wa shati. Alitaka kumwonyesha mdogo wake, Juma, aliyekaa Bukavu. Asubuhi moja akanishika mkono, mimi na kikapu changu, tukashuka barabara ya kuelekea daraja la Rusizi ili tuvuke kununua uzi.

Siku hizo vijana walikuwa wameweka bariyeri ya kuzuia njia kabla ya daraja. Watu wenye bunduki walikuwa wameingia nchini kupitia upande wa Bugarama, na tangu hapo kila aliyevuka alionekana ametumwa. Wakubwa waliwapa wale vijana fimbo na mapanga, wakawaambia wafungue macho. Wao wakafungua na mikono. Nawakumbuka waliokuwa pale asubuhi ile: Vedasiti, mkubwa wao, halafu Tarisisi, Kagabo, na Sirivani mwenye jicho moja jeupe. Walitoka milimani upande wa Nzahaha, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kuingia studio. Vedasiti alikuwa amevaa suruali ya kaki. Kwenye goti niliona unyayo wa kuku, nikafurahi, nikasema moyoni huyu ni mtu wetu.

"Fundi, unaenda wapi?"

"Bukavu, kununua uzi. Na kusalimia ndugu yangu."

"Mu mufuko kuko nini?"

"Ni foto tu."

Vedasiti aliichukua, akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Hapa ni wapi?"

"Ni kwa Anselme, pale nyuma ya soko."

"Kwa Anselme kuko mulima?" Wenzake wakacheka.

"Ni rido, Vedasiti. Ni kitambaa ya kuchora."

Tarisisi akanyoosha shingo. "Lete nione. Ee! Hii minaijua. Iko ku kalandari ya bapadri. Hii ni neji, teluji ya Bazungu. Neji haiko huku kwetu, iko Bulaya, kule banafundishaka vita." Akaweka kidole juu ya kabuti. "Na hii? Fundi wa barza anatoa wapi kabuti ya basoda, ya jeshi?"

"Ni ya Anselme. Anavalishaka batu bote."

"Mimi hajanivalisha," Vedasiti akasema. Hakuwa anacheka tena.

Sirivani ndiye aliyeanza. Alikuwa na mpini wa jembe, akampiga Papa nyuma ya magoti, na Papa akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka na safari. Nilidhani wanataka akae ili waongee vizuri. Halafu Tarisisi akampiga mdomoni kwa kitako cha panga. Jino likaruka, likaangukia karibu na mguu wangu. Nililiokota. Nililifunga kwenye pindo la gauni langu, kwa sababu kwetu kila kilichochanika kilirudishwa, na mimi niliamini Maman akilipata mapema atalirudisha.

Waliendelea. Sitawaficha, wenzangu, maana hata ninyi mliona yenu. Walimpiga mbavuni mpaka pumzi ikawa inatoka na sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta. Kila alipotaka kusema "rido," walimpiga, na yeye akaendelea kulisema lile neno mpaka likawa damu tu. Sirivani aliwatangazia watu wengine waliokuwa kwenye foleni: "Mubaone, hawa ndio banaendaka kufunzwa kutuua!" Na wale wa kwenye foleni waliangalia chini. Maman Tereza wa maharage alikuwepo. Mzee Pauli wa kuchonga mipini alikuwepo, na sijui kama ule mpini hakuuchonga yeye.

Mimi nililia kwa nguvu. Vedasiti akaniinamia.

"Nyamaza, weye kitoto. Kwenda ambia mama yako: Anselme akuye hapa aseme hiyo mulima iko wapi. Kama soko inafungwa na hajakuya, huyu tutamupa mto."

Kuna kitu ambacho kila mtoto wa Cyangugu, mkoa wetu, alikijua bila kufundishwa: mto Rusizi, pale unapotoka ziwani, haurudishi. Nilipanda ile barabara ya mlima mpaka Kamembe nikikimbia. Nyuma yangu walikuwa wanamburuta Papa kwa miguu kuelekea hangari ya kuhifadhia kahawa, na kichwa chake kilikuwa kinagonga mawe. Nilisikia. Niliacha kugeuka.

Maman yangu, Mwamini, alikuwa anamnyonyesha Hamisi. Nilimpa jino kwanza. Akaliangalia kiganjani, akaniangalia mimi, halafu akamfunga mtoto mgongoni. Tulikwenda kwa Anselme. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na mwuza mkaa jirani yake akatuambia kwamba habari ilikuwa imetutangulia: Anselme alisikia jina lake limetajwa bariyerini, akachukua apareyi yake ya kupigia picha, akashuka ziwani, akaingia mtumbwi. Muda ule alikuwa ameshafika Bukavu.

Basi Maman akaenda hangarini peke yake, na mtoto mgongoni. Aliporudi, sikio lake moja lilikuwa limechanika kwenda chini, hereni haipo, na Hamisi alikuwa amenyamaza kwa namna ambayo watoto wachanga hawanyamazi. Maman Faida alimvuta ndani, akamkandamiza kitambaa sikioni.

"Banasema nini?"

"Banasema Anselme amekimbia sababu alikuwa anajua ni kweli. Banasema Ramazani alienda ku ule mulima. Nilibaambia mulima haiko. Banasema: kama haiko, foto inatoka wapi?" Halafu akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo watu wazima wanadhani watoto hawaisikii: "Bamemufunga mawe ku miguu, Maman Faida. Tayari. Banangoja soko ifungwe."

Wao wawili wakaanza kutaja wakubwa ambao wangeweza kuombwa. Huyu yuko safarini, yule anaogopa, yule mwingine ndiye aliyewatuma. Hakuna aliyetaja turubai. Kwao lilikuwa kitambaa cha ukutani, na nani anakumbuka kitambaa cha ukutani siku ambayo bwana yake amefungwa mawe? Mimi nilikuwa nimeelewa kitu kingine. Nilielewa kwamba Papa ametiwa kwenye ule mlima, kwa kuwa wote walikuwa wanasema mlima, mlima, na kwamba hangarini kulikuwa kunasubiriwa jibu. Na mimi nilijua mlango uko wapi.

"Maman," nikasema, "tuende tugonge. Mulima iko pale kwa Anselme. Papa ndiye alishona mulango."

Maman aliniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. Maman Faida tayari alikuwa amesimama. Alichukua mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo.

Kufuli la Anselme halikukubali, lakini mbao za mlango zilikuwa nyembamba. Maman Faida alizivunja akitukana familia nzima ya Anselme, kizazi kwa kizazi, kwa Kimashi, lugha ya watu wa Bukavu. Ndani kulikuwa na giza na ile harufu. Kabuti lilikuwa bado kwenye msumari, na nilipoliona niliogopa, lilikuwa na umbo la mtu asiye na kichwa. Nikapanda kiti cha wateja, kilekile cha mbuzi, nikafikia kiraka. Nikasema hodi. Nikagonga.

Vidole vyangu vilikuta turubai, na nyuma ya turubai ukuta wa udongo. Nikagonga tena, kwa ngumi. Udongo ukadondoka nyuma ya kitambaa, nikausikia ukiteremka. Hapo ndipo niliposhika kona na kukuta uzi, umepanuka kama unyayo wa kuku. Hakukuwa na baridi wala watu. Nililia zaidi ya nilivyolia darajani, maana kule niliamini bado kuna mahali ambapo Papa yuko.

Maman hakunibembeleza. Alipandisha mkono wake juu ya wangu, akapapasa ule mshono taratibu. "Ni mukono yake," akasema. "Maman Faida, ni mukono yake. Inaonekana hata mu foto." Akaanza kung'oa misumari kwa ncha ya mkasi wa Anselme.

Tulilikunja turubai, Maman akalibeba kichwani upande wa mbele, Maman Faida nyuma, na mimi katikati nikilisukuma kwa viganja kana kwamba nasaidia. Jua lilikuwa linaelekea kuzama upande wa Kongo. Wauzaji walikuwa wanafunga mabunda yao. Watu waliuliza mumebeba nini, na Maman Faida alijibu wote jibu moja: "Tumebeba Bulaya. Pisheni."

Hangarini Papa alikuwa ameegemezwa kwenye magunia ya kahawa. Sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, chenye sugu ya mkasi. Miguuni kwake kulikuwa na kamba na mawe mawili ya kujengea.

Vedasiti alisimama. "Anselme iko wapi?"

"Anselme amekimbia," Maman akasema. "Mulima haijakimbia."

Tulilikunjua turubai kwenye sakafu ya hangari, na naapa, Sirivani aliruka nyuma. Kagabo akavua kofia. Ule mlima ulikuwa mkubwa, ulijaza sakafu kutoka mlangoni mpaka kwenye magunia, na kwa mwanga ule wa jioni ulikuwa mweupe kuliko kitu chochote. Hakuna aliyeukanyaga.

"Vedasiti," Maman Faida akasema, "suruali yako hiyo ameishona nani? Angalia ku goti. Halafu angalia hapa. Kama hii inatoka Bulaya, na suruali inatoka Bulaya. Vua basi, tukufunge mawe na weye!"

Mmoja akacheka. Sijui nani, na hilo ndilo jina pekee la siku ile ambalo sina. Vedasiti alitoa picha mfukoni, akapiga magoti, akaiweka kando ya kilele. Mraba na mraba. Unyayo na unyayo. Akaanza kukwaruza kiraka kwa ncha ya panga. Theluji ikabanduka, maganda kwa maganda, na chini yake zikatokea herufi za bluu za mfuko wa unga. Tarisisi akazisoma kwa sauti, herufi moja moja: unga wa ngano. Ndipo wote walipocheka. Walimcheka Tarisisi na neji yake, walimcheka Vedasiti aliyepiga magoti mbele ya mfuko wa unga. Na mimi nilicheka, wenzangu. Nilicheka kwa kuwa nilikuwa nimesema tangu mwanzo kwamba ni unga, na kwa kuwa nilidhani mtu akicheka, imekwisha.

Vedasiti aliinuka. Alikata kamba za miguu ya Papa kwa panga, akasukuma mawe kando. Maman alianza kusema asante.

"Mukono gani unashonaka?" Vedasiti akamwuliza Papa.

Mdomo wa Papa ulikuwa umevimba. Maneno hayakuwa na pa kutokea. Vedasiti akaangalia ile sugu ya gumba, akauchukua mkono wa kulia kwa upole kabisa, kama mtu anayesalimia, akaulaza juu ya moja ya yale mawe. Sirivani akamkanyaga Papa kwenye kiwiko. Vedasiti akachukua mpini wa jembe.

"Hii ndiyo ilishona bongo ya kutudanganya," akasema. "Hii ndiyo ilituchekesha."

Alipiga mpaka mkono ukawa hauna tofauti na kitambaa. Ile sauti naijua mpaka leo, nikisikia mtu anatwanga karanga mbichi natoka nje. Maman alijitupa juu ya Papa, wakamvuta kwa lile sikio.

"Sasa chukueni mulima yenu," Vedasiti akasema. "Soko imefungwa."

Tulimbeba ndani ya mlima. Hakukuwa na machela. Tulimlaza katikati ya turubai, Maman akashika kona moja, Maman Faida nyingine, na tukawa hatuna watu wa nyuma. Kagabo ndiye aliyekuja. Alishika kona mbili za nyuma, akapanda nasi ile barabara yote mpaka Kamembe, analia kamasi. Kwenye kona ya nyumba yetu akatushusha taratibu, akarudi alikotoka. Kesho yake alikuwa bariyerini na wenzake. Sijui niwaambie nini juu ya Kagabo. Nawaambia tu alichofanya.

Nyumbani walipolikunjua turubai, rangi ilikuwa imepasuka kwa uzito, na Papa mzima alikuwa amegandwa na maganda meupe, shingoni, kwenye nyusi, ndani ya damu. Maman alinipa kazi ya kuyatoa. Niliyatoa moja moja kwa kucha. Anselme alikuwa amesema pale ni baridi, kwa hiyo kila ganda nililiweka kiganjani nikangoja baridi. Yote yalikuwa ya moto.

Papa aliishi. Mkono wa kulia ukakauka ukawa kama tawi. Maman akajifunza kushona: yeye alisukuma kitambaa, na Papa alikaa upande wa pili wa meza akizungusha mpini wa cherehani kwa mkono wa kushoto. Wateja walizoea. Turubai tulilifua kwa majivu, likawa ganda la godoro letu sisi watoto. Tulilala juu ya theluji miaka mingi, mimi na Hamisi, na mvua ikinyesha lilinuka rangi.

Siku moja, masika mawili au matatu baadaye, Vedasiti alikuja barzani na kitambaa cha suti kwapani. Alikuwa anaoa. Alisalimia kama watu wanavyosalimia. Maman alishika meza. Papa akamwambia, "Mupime." Maman akampima kiuno, paja, urefu. Alipoondoka, Papa alisema, "Mufuko ya ndani, mukatie ile kiraka ya unyayo wa kuku." Maman alichana godoro letu upande wa juu, akatoa kiraka, akakishona ndani ya mfuko wa suruali ya harusi, mahali ambapo vidole vinafika kila mtu anapotafuta ufunguo wake. Vedasiti aliichukua, akaivaa, akashukuru. Kama vidole vyake viliwahi kuusoma ule mshono, mimi sikuambiwa.

Watoto wangu wanashangaa ninavyokumbuka majina. Maman, unamkumbukaje hata mwuza mkaa? Aliitwa Zakaria. Nakumbuka kwa sababu siku ile shahidi alikuwa mmoja, naye alivuka maji. Tangu hapo, popote nilipokuwa, niliandika kichwani nani yupo, nani ameona. Anselme sikumwona tena.

Jumapili hii Nadia ametuma mlima mkubwa kuliko yote. Aziza alinionyesha namna ya kuikuza picha kwa vidole viwili. Niliikuza. Nilipanda nayo mpaka kwenye kilele, nikaenda taratibu kutoka upande mmoja mpaka mwingine, nikitafuta mraba, nikitafuta uzi. Hapakuwa na mshono popote. Weupe ule ulikwenda mpaka mwisho wa kioo.

Kabla ya mwaka kwisha Nadia anakuja kutusalimia. Atashukia Bukavu kwa babu zake, watoto wa Juma mdogo wa Papa, halafu atavuka daraja. Simu yake imejaa hiyo milima. Najua siku hizi hakuna bariyeri, watu wanavuka asubuhi na jioni na nyanya zao, najua. Nilimwambia Aziza ampigie Nadia, mtoto anayeniita Koko, yaani bibi.

"Koko! Umeona foto?"

"Nimeona, mama yangu. Ni nzuri. Sasa niambie: nani alikuchukua hiyo foto? Anaitwa nani?"

Alicheka, na nyuma ya kicheko chake nilisikia upepo.

"Hakuna muntu, Koko. Nilitega telefone juu ya jiwe. Nilikuwa peke yangu."